Dada wa Dirishani Aliondoka na Mwanangu

Mlango ulifungwa!

Mimi nipo nje, kwenye jukwaa la stesheni, mikono nimeinyoosha mbele kama mtu anayesubiri kutwishwa ndoo.

Mwanangu yupo ndani.

"Dada, mtoto! Nipe mtoto!"

Nikapiga kioo kwa viganja. Nikapiga tena. Ndani, binti yangu wa miaka minne amekaa kwenye mapaja ya mwanamke niliyekuwa namwamini kuliko hata ndugu zangu wa tumbo moja.

Yule mwanamke akanitazama. Hakushtuka. Hakupiga kelele mlango ufunguliwe. Alinitazama tu, jicho kwa jicho...

Kisha akamgeuza mtoto, uso ukaelekea dirisha la upande wa pili, ili asinione.

Treni ikaondoka.

Wenzangu mnaosoma hapa, sijui niwaeleze vipi. Nilikimbia sambamba na lile behewa mpaka jukwaa likaisha. Kiatu kimoja kilinitoka, sikujua. Mlinzi mmoja ndiye aliyenidaka kiunoni, maana mguu wangu ulishakuwa unatafuta kushuka relini.

"Mama, utakufa!"

"Mwanangu! Ameondoka na mwanangu!"

"Nani?"

"Dada wa Dirishani!"

Mlinzi akanikodolea macho. Hakuelewa kitu. Na kwa kweli, nani angeelewa?

Ngoja niwaeleze.

Mimi ni dobi wa hospitali. Kazi yangu ni mashuka, mapazia na nguo za madaktari. Kwa miaka miwili napanda treni ya saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, behewa la tatu, mlango wa pili. Siyo la pili, siyo la nne. La tatu!

Watu wa treni mtanielewa. Kila mmoja ana mahali pake. Unajua kabisa usimame kwenye kigae gani pale jukwaani ili mlango ufunguke puani kwako. Unajua nani analala kwa kusimama na nani anashuka kituo gani ili ujisogeze karibu na kiti chake mapema. Kuna hata wanaopanda treni inayorudi mwanzo wa reli, wanapoteza nusu saa nzima, mradi wapate kiti tu!

Humo ndani hatuitani majina. Mimi ni Mama Sabuni, kwa sababu ya harufu ya kazi yangu. Kuna Mzee Gazeti. Kuna Mwalimu Usingizi. Na kuna yeye, Dada wa Dirishani.

Kila siku nilimkuta ameshakaa dirishani. Msafi, mpole, nguo zimenyooka. Siku ya kwanza alinishikia mkoba. Siku ya pili alinibania nafasi. Mwezi haujaisha, nilishamwaga kwake moyo wangu wote.

Ugomvi wangu na wifi nilimwambia. Mume wangu dereva wa lori anavyokaa wiki tatu bila kurudi, nilimwambia. Mimba iliyoharibika, ambayo hata mama yangu hakuijua... nilimwambia.

Yeye alisikiliza tu. "Pole, mwenzangu." "Itakaa sawa." Ndiyo maneno yake.

Miezi miwili iliyopita, jirani aliyekuwa ananilelea mtoto alihama. Nikampeleka binti yangu shule ya awali karibu na hospitali, ikabidi nisafiri naye. Jamani, kupanda treni ya asubuhi na mtoto ni vita! Dada wa Dirishani ndiye aliyeniokoa. Akawa anampakata safari nzima. Nikamfundisha mtoto amwite mama mdogo.

Kituo changu kinashusha watu kama maji ya bomba lililopasuka. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu. Mimi natangulia kushuka na mikoba, nageuka, yeye ananipokeza mtoto mlangoni. Siku arobaini hivi tulifanya hivyo. Hatukukosea hata mara moja.

Ijumaa ile nilipanda nikiwa na furaha.

"Mwenzangu, nimepata shule karibu na nyumbani! Kuanzia Jumatatu huyu hatapanda treni tena. Amepumzika, na wewe umepumzika!"

Akamvuta mtoto karibu na kifua chake.

"Kwa hiyo leo ndiyo mwisho?"

"Leo ndiyo mwisho!"

Nilicheka. Hata sikumtazama usoni, nilikuwa natafuta leso kwenye mkoba.

Sasa nipo ofisi ya mkuu wa stesheni. Mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Mbele yangu kuna askari wa kike na daftari lake.

"Huyo mwanamke anaitwa nani?"

"Dada wa Dirishani."

"Jina lake, mama."

"Tunamwita hivyo tu."

"Anakaa wapi?"

"Huko mwanzo wa reli... nadhani."

"Anafanya kazi gani?"

"Sijui."

"Namba yake ya simu?"

"Sina."

"Mmejuana muda gani?"

"Miaka miwili."

Askari akaweka kalamu chini. Heri angenitukana!

Nikampigia mume wangu. Alikuwa safarini, mikoa mitatu mbali. Nilipomaliza kumwambia, kwanza nilisikia lori linafunga breki. Kisha sauti.

"Umemwacha mwanangu kwa mtu usiyemjua?"

"Namjua, baba..."

"Anaitwa nani?"

Swali lilelile. Na mimi nikarudia lilelile: Dada wa Dirishani.

"Mtoto akipatwa na jambo," akasema polepole, "usinisubiri nyumbani."

Akakata.

Nilikaa sakafuni. Ukutani saa inatembea, na kila dakika treni inazidi kumpeleka mwanangu mbali. Nilianza kuwaza vitu ambavyo sitaviandika hapa. Wewe mzazi, unavijua.

Mkuu wa stesheni alikuwa anapiga simu kituo baada ya kituo. Hakuna aliyewaona. Vituo vya asubuhi, nani anamwona nani?

Mwishowe akampata mkagua tiketi aliyekuwa ndani ya treni ileile. Ilikuwa imeshafika mwisho wa reli. Akaweka simu sauti ya juu ili sote tusikie.

"Behewa la tatu, mwanamke wa dirishani, leo yuko na mtoto wa kike. Unamfahamu?"

"Yule mpole? Namfahamu sana, bosi."

Nikainuka!

"Huwa anashuka wapi?"

"Bosi... yule huwa hashuki."

"Hashuki vipi?"

"Anakwenda mpaka mwisho wa reli, anakaa palepale, treni inageuza naye. Kila siku ya kazi. Mwanzoni nilidhani amepitiwa na usingizi. Baadaye nikamzoea."

Miaka miwili mimi nikijua mwenzangu anawahi kazini kama mimi!

"Na kuna jambo lingine," sauti ikaendelea. "Kila siku ana tiketi mbili. Moja ya mkubwa, moja ya mtoto."

Nikapiga kelele. "Tangu lini? Binti yangu ameanza kupanda miezi miwili tu!"

"Aa, mama, hiyo ni tangu zamani. Huyu mtoto nimemwona juzijuzi. Tiketi ya mtoto nimeitoboa miaka na miaka, na pembeni yake hapakuwa na mtoto."

Askari akaokota kalamu yake.

"Leo umemwona akishuka?" askari akauliza.

"Ndiyo! Leo ameshuka, kituo cha tatu kabla ya mwisho. Amemshika mtoto mkono. Hata nilifurahi, nikasema leo na yeye kapata pa kwenda..."

Mimi na askari tukadandia treni iliyofuata. Behewa lilelile la tatu, lakini watu wengine kabisa. Abiria wa saa moja hawawajui abiria wa saa kumi na mbili. Nikawa nawauliza, mmoja baada ya mwingine, huku nalia. "Unamjua Dada wa Dirishani? Dada mmoja hivi, mweupe kidogo, mpole..." Watu wakanikwepa. Mama mmoja akavuta mkoba wake kifuani. Wakaniona mwendawazimu, na sikuwalaumu. Mguu mmoja peku, kamasi mpaka mdomoni.

Dakika thelathini na tano! Treni inasimama, watu wanashuka taratibu, wengine wanarudia mwavuli. Nilitamani nishuke niisukume.

Tulipofika kituo alichoshukia, simu ya askari ikaita. Akasikiliza, akanishika mkono kwa nguvu.

"Kimbia, mama. Amepatikana."

"Mzima?"

"Kimbia tu!"

Hakunijibu! Nilikimbia nikijua nakwenda kuoneshwa maiti.

Askari akapinda kona mbili, akaingia kwenye geti la bluu. Shule ya awali. Watoto uwanjani wanaimba namba. Mwalimu mkuu, mwanamke mtu mzima, alikuwa anatusubiri mlangoni.

"Yupo ndani. Mzima. Tafadhali ingieni taratibu..."

Taratibu ipi? Niliusukuma mlango!

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, anapaka nyumba rangi nyekundu. Mzima! Hana hata mchubuko. Na mbele yake, magoti chini, Dada wa Dirishani anamfunga kamba za kiatu.

Sikuuliza kitu. Nilimpiga kofi. Nikampiga la pili. La tatu askari akalidaka hewani.

Dada wa Dirishani hakujikinga wala kulia. Binti yangu ndiye aliyelia.

"Mama, usimpige mama mdogo!"

Nikambeba mtoto, nikamkumbatia mpaka akalalamika hapumui.

"Kwa nini?" nikamuuliza yule mwanamke. "Nimekukosea nini mimi?"

Akainua uso. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nilitaka afike shule," akasema. "Mara moja tu. Ningemrudisha mchana, wakitoka."

"Ana shule yake!"

"Najua." Akatazama kile kiti kidogo. "Wangu hakufika."

Mwalimu mkuu akanivuta kando, akaniambia kwa sauti ya chini. Yule mwanamke alikuwa mzazi pale. Alikuwa na binti mmoja tu, na kila asubuhi walikuja pamoja kwa treni ileile, mtoto amekaa dirishani. Asubuhi moja mtoto aliamka na joto. Mama akafikiri ni mafua tu, akamvalisha, wakapanda. Mtoto akalala kwenye mapaja yake. Treni ilipofika kituo hiki, mama akamwamsha...

Hakuamka.

"Miaka mitatu sasa," mwalimu akasema. "Alikuwa na miaka minne. Leo nimemwona anaingia getini kamshika mtoto mkono, ananiambia, 'Samahani mwalimu, tumechelewa.' Nikawaita polisi. Lakini machozi yalinitoka."

Nilitaka kuendelea kuwa na hasira. Naapa nilitaka. Ile hasira ndiyo iliyokuwa inanisimamisha. Ilipoanza kuniponyoka, nikakaa kwenye vile viti vya watoto na mwanangu mkononi, nikalia kwa sauti.

Kule polisi, jina lake niliandikiwa kwenye karatasi. Ni jina zuri. Silitaji hapa, ni haki yake. Kaka yake alikuja kumchukua. Alikuwa hajui kitu. Familia nzima iliamini kwamba dada yao amepata kazi, maana kila alfajiri anaoga, anavaa, anatoka.

Askari akaniuliza kama nataka kesi iende mbele. Mume wangu kwenye simu alitaka afungwe. Mimi nikasema atibiwe kwanza, na kaka yake aweke saini kwamba atampeleka hospitali. Mume wangu hajanielewa mpaka leo. Alirudi Jumapili, tunaongea ya lazima tu. Sikatai, kosa langu ni kubwa.

Wengine mtaniambia nimekuwa mjinga. Sawa. Sijasema nimemsamehe. Usiku bado naamka kupapasa kama mtoto yupo kitandani. Mtoto wangu simpi tena mtu ambaye sijui analala wapi, hata awe malaika. Hilo ni somo la kwanza, lichukueni bure.

Lakini kuna jingine, na hili ndilo linalonitafuna.

Miaka miwili nilikaa ubavuni kwa yule mwanamke. Nilimtwika mume wangu, wifi yangu, mimba yangu. Yote aliyabeba. Na mimi, kwa miaka miwili, sikumuuliza swali hata moja. Hata "Una watoto?" Swali ambalo tunawauliza hata wageni! Nilikuwa nimepata sikio, nikasahau kwamba sikio lina mwenyewe.

Jumatatu nilipanda peke yangu. Kiti cha dirishani kilishapata mtu. Mzee Gazeti akashusha gazeti kidogo.

"Mama Sabuni, mwenzako leo hayupo?"

"Anaumwa."

"Aa. Pole yake." Akapandisha gazeti.

Treni ikatembea vituo viwili. Nikamgusa bega.

"Mzee wangu, samahani. Unaitwa nani?"

Akakunja gazeti taratibu, akalilaza magotini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni.

"Binti yangu," akasema, "tangu mke wangu afariki, hakuna mtu aliyeniuliza."

Akaniambia jina lake. Kisha akaniambia la mkewe.