Orodha Iliyotundikwa Getini

Shule ilichelewa kufunguliwa Januari ile ya 2008. Laini Saba, mtaani Kibera, ilikuwa kimya asubuhi, na kimya hicho hakikumpendeza mtu. Vibanda vilikuwa vimechomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, na watu waliulizana walikotoka kabla hata ya kusalimiana. Nduku, fundi wa kushona nguo, alimshika mwanawe Kamene mkono kwa nguvu hadi mtoto akalalamika.

Getini walikuta orodha ndefu. Mwalimu mkuu, Oluoch, alikuwa amenakili rejista yote ili wazazi wajue ni watoto gani watapata unga wa msaada. Kila mtoto aliandikiwa jina lake, la mzazi wake, kwao ni wapi, na maelekezo ya nyumba. Nyumba za Kibera hazina namba, kwa hiyo mwalimu huandika hivyo ili amfikie mtoto akiugua. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini getini hupita kila mtu.

Nduku alifurahi kuona jina la Kamene katika darasa la tatu. Akasoma mbele: kwao Machakos, mlango wa bluu nyuma ya kinyozi. Ndipo akamwona kijana asiyekuwa mzazi wa yeyote, akinakili karatasi ya darasa la kwanza kwenye daftari. Alipomuuliza, kijana alisema ni mambo ya msaada. Hakuinua hata uso. Nduku aliogopa. Wiki hiyo Wakamba wenzake wawili walikuwa wamefukuzwa nyumbani kwao.

Hakupiga kelele. Alikwenda mbio na mtoto hadi kwa jirani yake Adero, karani wa faili katika zahanati. Adero aliacha nguo kwenye beseni, wakarudi pamoja. Kijana alikuwa ameshaondoka.

Adero alibandua karatasi zote bila kuomba ruhusa. Mwalimu Oluoch akatoka akiuliza anafanya nini.

"Mwalimu, ulitaka hawa watoto wapate chakula," Adero alisema. "Lakini umeonyesha kila mtu penye wanalala."

Mwalimu alijitetea kwamba wazazi wenyewe ndio waliompa habari hizo.

"Walikupatia wewe, si watu wa barabara. Kwa kliniki, faili ya mgonjwa haiwekwangi kwa ukuta. Mtu akiitaka, namuuliza yeye ni nani na ni ya nini. Na kitu hatuhitaji, hatuandiki. Sasa unga inataka kujua mtu ametoka wapi?"

Mwalimu alizichukua zile karatasi, akazikunja. Aliona haya.

Nduku akauliza kuhusu wale ambao majina yao yalikuwa yamenakiliwa. Adero alisema lazima waambiwe siku hiyo hiyo, hata kama ni aibu. Mchana huo mwalimu alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba msamaha, na familia nyingi zilihamia kwa jamaa. Nduku na mumewe, Mulei, walikimbilia kwa shemeji katika mtaa wa Riruta Satellite. Kamene alikosa shule kwa wiki nzima.

Kamene aliporudi, mwalimu alikuwa na rejista mpya yenye majina na mahudhurio tu. Ile ya zamani aliichoma kwenye jiko la uji. Namba za simu za wazazi aliziandika kwenye kijitabu alichokificha ndani ya soksi, na watoto walimcheka anavyochechemea. Majina ya watakaopewa unga yalisomwa darasani.

Siku hiyo Nduku alikuwa ofisini akimshukuru mwalimu, ndipo yule kijana wa daftari akaingia na wenzake wawili. Walitaka rejista. Mwalimu alikataa, wakavunja kabati na kuichukua. Nduku alijibana ukutani. Alijua jina la mwanawe limo humo.

"Huyu Kamene anaishi wapi?" kijana aliuliza, akigusa jina hilo la Kikamba.

"Hiyo hatuandiki tena," mwalimu alijibu.

Kijana alipekua hadi ukurasa wa mwisho. Aliona majina na alama za mahudhurio, basi. Akaitupa rejista chini, wakaondoka.

Nduku aliiokota, akaipangusa vumbi, na bila kuifungua akamkabidhi mwalimu.