Swichi Iliyoitwa Mwila

Swichi ya ghorofa ya pili ilijibu kabla ya kuitwa.

Swichi, kwa asiyeijua, ni kisanduku cha chuma kinachounganisha kompyuta za jengo, na katika ile kliniki ya mtaa wa Golf zilikuwa nyingi. Zamani vieux Mwila, mzee aliyekuwa fundi mwenzake Donat, alibeba ngazi yake akiziendea moja moja na kuziandikia amri kwa mkono, mpaka siku alipoanguka akafa. Baada ya mazishi Donat aliandika skripti, yaani faili moja ya amri: iliita kila swichi kwa jina, ikangoja jibu, ikaipa kazi. Ile ya ghorofa ya pili, juu ya mlango wa chumba cha kujifungulia, aliipa jina la Mwila, ili asisahauliwe.

Leo, badala ya "tayari", kioo cha kompyuta kiliandika: *Niko. Huku iko baridi.*

Mchana umeme ulikatika. Taa zote zilizimika isipokuwa moja, ya kijani, juu ya mlango ule, na Donat aliyesimama chini yake alisikia ngazi ikiburutwa sakafuni mahali pasipo na ngazi, akanusa tumbako ya vieux Mwila na udongo mbichi nyuma yake, karibu sana, kama mtu anayesoma juu ya bega lake.

Alimkimbilia mama yake, Constance, akamsimulia yote.

"Mama, ni mashini tu."

"Na jina iko ya mashini? Batakatifu ba kalandrie ya kanisa bameisha, mpaka ukamate mufu? Benye kufa habaitwe bule, mwana yangu. Ulimuita, akakuya."

"Muke yangu Syntiche atazalia mule, mama. Mutoto yangu ya kwanza."

Constance alikuja kliniki na maji ya baraka.

"Mama, si juu ya umeme!"

"Nyamaza. Futa ile jina."

Donat alifuta, akaweka namba. Constance akanyunyizia mlango, akanong'ona, "Vieux, tunakuomba, toka." Harufu ikaisha. Skripti ikaita namba, swichi ikajibu "tayari". Jina lilikuwa limetoka. Hakuna aliyeuliza limekwenda wapi.

Juma lile, katika chumba kile, Syntiche alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto alilia bila kupumzika, akakataa ziwa, hata sauti ikaanza kumkauka. Constance alimpakata, akamwitia majina ya mababu, kama wafanyavyo kwao Sakania, maana mtoto hutulia akisikia jina lake.

"Chileshe?" Akalia. "Alexis?" Akalia.

Kisha mtoto akageuza macho kwenye kile kisanduku cha juu ya mlango, akanyamaza, akangoja. Chumba kikanuka tumbako.

"Usiite ingine, mama," Donat alinong'ona.

Mtoto akaanza tena, kwa sauti nyembamba kama uzi.

"Donat," alisema Syntiche, "hanyonye. Atakufa."

Donat akainama sikioni mwa mwanawe.

"Mwila."

Mtoto akatulia, akanyonya. Juu ya mlango, taa ya kijani ikazimika.