Aliyeitikia Jina la Léonard

Haya yalimpata mdogo wangu Josephine, na mwisho wake niliuona mwenyewe. Ilikuwa Jumanne ya Julai, joto la kukausha nguo kabla hujamaliza kuanika.

Josephine alikuwa akimtunza mzee Cliff, wa miaka mia, nyumba ya pili kutoka kwetu hapa Malton, ughaibuni. Vitani mzee alikuwa rubani wa ndege ya mabomu. Walikuwa watu saba. Ndege iliposhika moto juu ya Ujerumani, aliamuru wote waruke. Léonard, mpiga bunduki, alikaa mkiani kwenye kibanda cha kioo, na mlango ukagoma. "Nimebanwa," alisema kwenye simu ya ndege. Cliff akamjibu, "Nakuja." Akaruka.

Kwa hiyo kila saa kumi jioni mzee aliita: "Léonard?" Alisubiri, akalia, chakula kikapoa.

Siku moja Josephine alichoka, akaitika, "Abee." Mzee akatulia, akala. Ikawa kila siku.

"Jina si lako, unaliitikia ya nini?" nilimuuliza.

"Dada, mtu mzima anaita, ninyamaze kama gogo?"

"Haya. Mwenyewe akija mtagawana uji."

Alicheka. Nami nikacheka.

Jumanne hiyo alikuwa anaanika mashuka kwenye kibaraza cha nyuma, kilichozungushiwa vioo. Mzee akaita. Kabla Josephine hajafungua mdomo, mtu nyuma yake akaitika.

"Abee."

Sauti ya kiume. Kwetu mwanamume haitiki hivyo. Aliyeitika alikuwa amejifunza kwa Josephine.

Hakugeuka. Alivuta mlango wa kuingilia ndani. Haukufunguka. Mlango ule hauna kufuli wala komeo.

Akanipigia simu, ananong'ona. "Dada, njoo. Siwezi kutoka. Na siko peke yangu."

Nilikimbia na kandambili. Vioo vilikuwa vimeganda barafu kwa ndani. Palibaki upenyo mdogo, nikachungulia. Josephine alikuwa anagonga kioo. Nyuma yake, kati ya mashuka, mtu ameketi. Ametupa mgongo.

Nilichukua koleo la theluji lililobaki ukutani tangu majira ya baridi, nikavunja kioo. Nikamshika Josephine, nikavuta. Alikuwa mzito. Uzito wa watu wawili. Nikavuta tena, akatoka.

Mle ndani, mzee Cliff, ambaye hakuwa amesimama kwa miaka minne, alikuwa wima kwenye mlango uleule, mikono yote miwili kwenye mpini wake.

"Nimekuja, Léonard," alisema, akateleza chini taratibu. Gari la wagonjwa lilipofika alishakufa. Mpaka leo sijui kama alikuwa anafungua ule mlango au anaushikilia.

Hospitalini daktari alimuuliza Josephine alikuwa anapanda mlima gani. Ngozi ya mkono wake ilikuwa imeungua kwa baridi. Alama ya vidole vinne na gumba, kama aliyeshikwa.

Kidonda kilipona. Joto halikurudi. Hata akiosha vyombo kwa maji ya moto, nikimgusa pale, ni kama nyama iliyotoka friza.