Rubani Asiyeendesha Gari

Duka la fotokopi lilikuwa limefurika mpaka mlangoni. Mashine mbili zilitoa joto kama tanuri, na kila mtu alidai yeye ndiye wa kwanza. Mhudumu akachanganyikiwa: seremala aliyeleta michoro ya kabati akapewa karatasi za dada mmoja, na dada akabaki na michoro ya kabati.

"Kaka, hizo zangu," dada akasema, akinyoosha mkono.

Seremala hakuzitoa upesi. Alikuwa ameshatupa jicho. "Saa mia moja tisini na nane za kuruka," akasoma kwa sauti. "Kuruka kamba?"

"Kuruka na ndege."

Akainua macho. Mbele yake alisimama mwanamke wa miaka kama ishirini na tisa, shati jeupe lililonyooshwa pasi mpaka mikono ikakakamaa, suruali nyeusi, nywele kazifunga nyuma kwa kitambaa cha buluu.

"Unairusha wewe mwenyewe?"

"La, huwa naisukuma kwa nyuma."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Seremala naye akacheka, tena kwa furaha ya mtu aliyeshindwa kihalali. Dada akazipokea karatasi zake, akaukunja haraka ukurasa wa chini wenye muhuri wa mahakama, akamtazama usoni. Seremala hakuwa ameuona. Akashusha pumzi, na alipoombwa namba ya simu akaitaja bila kujivuta.

Kuanzia siku hiyo yeye akawa Rubani na seremala akawa Fundi. Kila jioni simu iliita.

"Rubani wangu, umetua?"

"Nimetua, Fundi. Umekula?"

"Nimekula vumbi la mbao. Nakungoja wewe ndiyo nile chakula."

"Maneno matamu hayo umeyaranda na nini?"

Akamtengenezea kabati la vitabu vya urubani, pembe zake kaziviringisha asije akajigonga akisoma huku anatembea. Naye Rubani akamzoea hata harufu ya gundi mikononi mwake. Lakini kulikuwa na mambo mawili yaliyomtatiza Fundi. La kwanza alilifanyia utani.

"Hebu nieleze. Ndege unaipaisha hadi mawinguni, lakini gari hugusi. Rubani gani anapanda basi?"

"Rubani anayependa kusinzia njiani," akajibu, akageuza mazungumzo.

Hata dada yake Fundi alipofanya sherehe ya kuzaliwa, Rubani alikuja na gauni la rangi ya zambarau lililomkaa kama limeshonewa juu ya mwili wake. Fundi akammiminia mvinyo. "Onja kidogo tu, malkia." Rubani akasogeza glasi pembeni kwa kidole kimoja. "Juisi inanitosha." Fundi akamcheka mbele ya wageni, kwamba rubani mzima anakunywa kama mtoto wa chekechea. Rubani akatabasamu, akaisukuma glasi mbali zaidi.

La pili halikuwa la utani. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni simu ya Rubani ilizimwa. Akiulizwa, jibu lilikuwa moja: alikuwa kwa shangazi aliyemlea. Mpaka Alhamisi moja Fundi akawa anapeleka meza kwenye ofisi inayotazamana na zahanati. Akamwona Rubani anatoka mlango wa pembeni, macho mekundu, na mwanamume wa makamo aliyevaa suti anamfungulia mlango wa gari. Akapanda. Gari likaondoka.

Walipoongea jioni ile, Fundi hakumwuliza kama ametua.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa shangazi."

"Shangazi yako siku hizi ameota ndevu?"

"Umenifuata?"

"Nimepeleka meza, na macho hayana pazia. Kumbe mwenzangu unataka wenye magari, na mimi nakuchongea makabati!"

Simu ikakatwa.

Asubuhi Rubani akaingia karakana. Akaruka rundo la maranda, akaweka bahasha ya kaki juu ya ubao uliokuwa unapimwa. "Soma."

Zilikuwa hukumu mbili. Kuendesha gari akiwa amelewa: faini. Kuendesha gari akiwa amelewa, mara ya pili: kunyang'anywa leseni ya udereva miaka miwili na kifungo cha nje cha miezi sita.

"Yule mwenye gari ni muuguzi mstaafu," akasema Rubani, bado kasimama. "Aliacha pombe zamani, sasa anatusaidia sisi wengine. Kila Alhamisi tunakaa watu tisa chumba cha nyuma cha zahanati, tunaambiana ukweli. Jana zamu ilikuwa yangu, nikalia, akanirudisha nyumbani. Miaka sita sijagusa hata tone."

"Hii ya pili… ilikuwaje?"

"Ilikuwa saa moja asubuhi. Nilidhani nimelala, pombe imeisha. Haikuwa imeisha. Nikaingia na gari kwenye kibanda ambacho watoto hungojea basi la shule. Benchi likakatika vipande viwili. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo hapakuwa na mtu. Fundi, mimi kutokuwa muuaji ni kwa sababu ya kalenda tu. Leseni ya gari walishanirudishia, lakini usukani nimeapa kutoushika mpaka nijiamini mwenyewe."

Fundi alikuwa ameshatengeneza mabenchi mengi ya shule. Aliona lile moja limekatika, akaona na glasi aliyoimimina kwa mkono wake, na kicheko chake mbele ya wageni. "Ningejua…" akaanza.

"Ungejua usingenitazama," Rubani akamalizia. "Ndiyo maana sikusema." Akachukua bahasha yake, akatoka.

Wiki mbili zikapita. Fundi alipiga, simu ikaita mpaka ikachoka.

Katika wiki hizo Rubani alipeleka maombi ya leseni ya urubani wa biashara, ile ambayo bila hiyo huwezi kuajiriwa kubeba abiria. Fomu iliuliza kama mwombaji amewahi kuhukumiwa. Karani, mtu mwema kwa namna yake, akamwinamia dirishani.

"Dada, hii ya kwanza ilikuwa mji mwingine, na faili lenyewe nadhani limeshaliwa na panya. Jaza moja. Mbili zitakuharibia."

Rubani akaishika kalamu muda mrefu, watu nyuma yake wakaanza kuguna. Kisha akajaza zote mbili, na tarehe zake, kwa herufi kubwa. Siku ya tatu akaitwa mbele ya bodi ya leseni.

Shangazi ndiye aliyempigia Fundi. "Wewe baba, mwanangu anahojiwa kesho saa tatu. Kama kumpenda kulikuwa kazi ya kibarua, basi, kaa nyumbani. Kama ni kazi ya kudumu, njoo."

"Nitakuja, shangazi. Asante kwa kunigombeza."

"Bado sijaanza."

Rubani alikuwa peke yake kwenye kiti cha korido, shati jeupe, viatu vinang'aa, alipomwona Fundi anakuja na vumbi la mbao bado limo sikioni.

"Niliposema ningejua," Fundi akasema kabla ya salamu, "nilitaka kusema ningejua nisingekumiminia mvinyo, wala kukucheka mbele ya watu. Aibu niliyoiona siku ile ilikuwa yangu."

"Mbona hukumalizia?"

"Ulikuwa umeshapaa."

Rubani akajikuta anacheka, mahali ambapo hakutegemea kucheka. "Sikuombi uache kunywa. Nakuomba usininyweshe."

"Hilo umelipata. Na lile la wenye magari, nisamehe."

"Nimekusamehe. Toa vumbi sikioni."

Mlango ukafunguliwa, akaitwa.

Ndani walikaa watu watatu: daktari, rubani mkongwe, na mwenyekiti, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Walimpekua kwa saa nzima: vipimo vya damu, barua ya yule muuguzi, ripoti za walimu wake. Mwisho rubani mkongwe akakunja mikono.

"Mara ya kwanza mtu hukosea. Mara ya pili ni tabia. Kwa nini nikuamini na abiria wangu?"

"Usiniamini kwa maneno, kapteni," akajibu. "Nipimeni. Nipimeni kila mkitaka, nami nitakuja mbio. Mimi najua vizuri kuliko wengi humu jinsi mtu anavyojidanganya kwamba yuko sawa. Kwa hiyo sijiulizi tena kama niko sawa. Nauliza kipimo."

Mwenyekiti akavaa miwani. "Hukumu hii ya kwanza haimo kwenye kumbukumbu zetu. Unajua hilo?"

"Niliambiwa, mama."

"Na bado ukaiandika."

"Ilitokea."

Wakatazamana wale watatu. Leseni ilitoka baada ya wiki tano, na sharti la kupimwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili. Shangazi aliipeleka kuonyesha majirani hadi ikakunjika pembe.

Miezi minne baadaye, ndege ndogo ya abiria kumi na wawili ilikuwa inangoja uwanjani, na Rubani alikuwa anaanza kazi akiwa rubani msaidizi. Nyuma ya kioo, Fundi na shangazi wakiwa na tiketi zao mkononi, walimwona akipuliza kile kifaa cha kupima pombe, kama wanavyofanya wote kabla ya safari. Akakisoma, kisha akakigeuza wakione. Sifuri. Shangazi, ambaye alimsomesha kwa shida na alimkemea kwa kila alama mbaya, akapiga makofi mpaka walinzi wakageuka.

Safari nzima shangazi alikuwa akimgusa kila abiria begani. "Huyo mbele, wa kulia, ni mwanangu."

Ndege ikatua kwa ulaini, hata hapakuwa na mtu aliyejishika. Injini zikazimika. Rubani akateremka, michirizi miwili ya dhahabu mabegani, kofia kwapani. Fundi, aliyewahi kushuka kabla ya wote, alikuwa anamngojea chini ya ngazi.

"Nataka kukuoa."

"Nini? Masikio yangu bado yamejaa injini."

"NATAKA KUKUOA!"

Abiria wote wakasimama na mizigo yao. "Mimi nimesikia!" shangazi akapaza sauti kutoka mlangoni mwa ndege. "Mwanangu, mjibu mtu, sisi tushuke!"

Rubani akamkamata Fundi mkono, akaubana kwa nguvu zake zote.

"Nimekubali," akasema, akavaa kofia yake. "Sasa nipishe, mpenzi. Kuna watu wengine kumi na wawili hapa uwanjani wanangoja niwarudishe nyumbani."