Insha ya Mwanamke wa Kivukoni

Kila Alhamisi, vyombo vya uji wa shayiri vikishaoshwa, meza ya jikoni kwa kina Lindqvist iligeuka kuwa darasa. Mama alipangusa makombo, akapanga kalamu, kisha akachungulia dirishani kuona kama gari la kina Reddick limekata kona kwenye shamba la mahindi.

Watoto wengi wa kanisa lao, pale Nebraska, walisomea nyumbani, na wazazi walisaidiana. Mama Reddick alijua hesabu, mama Lindqvist alijua fasihi. Basi Alhamisi Ketura Reddick, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuja na mdogo wake Boaz kusoma pamoja na Ansel Lindqvist, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu.

Ansel aliipenda siku hiyo. Lakini Alhamisi hii aliiogopa.

Walikuwa wamepewa riwaya moja na wiki mbili za kuisoma. Ilihusu mjane aitwaye Dorotea, aliyevusha watu mtoni kwa mashua. Jioni moja ya mafuriko, askari aliyewahi kuchoma nyumba yake alifika kivukoni, akapiga kelele kuomba avushwe. Dorotea alimwacha ng'ambo hadi asubuhi, ndipo akamvusha. Swali la Mama lilikuwa fupi: Kwa nini alingoja?

Ansel hakujua. Ulikuwa msimu wa mavuno, na kila alasiri alipanda na baba yake kwenye mashine ya kuvunia mahindi. Kitabu kilibaki ukurasa wa thelathini. Jana mchana, alipoona maji yamemfika shingoni, alikumbuka kitabu cha mwalimu cha riwaya hiyo, ambacho Mama alipewa na rafiki yake. Mama hakuwahi kukifungua. Alipenda kutunga maswali yake mwenyewe. Ndani ya kitabu hicho majibu yalikuwa yameandikwa yote, hata la kungoja kwa Dorotea. Ansel alinakili aya nzima, akabadilisha neno hapa na pale.

Baada ya sala, Mama alisema, "Haya Ansel, tuanze na wewe."

Ansel alikohoa, akasoma: "Mto ni taswira ya nafsi iliyogawanyika. Kungoja kwa Dorotea ni mpambano wa haki na rehema ndani ya moyo wa mwanadamu."

"Ansel!" Mama aliweka mkono kifuani. "Mawazo mazito hivi umeyatoa wapi?"

"Nimefikiri tu, Mama."

"Huyu amemmeza mchungaji mzima," alisema Boaz, na wote wakacheka. Ketura peke yake hakucheka. Alikuwa akiikunja karatasi yake, anaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti.

"Na wewe Ketura, mwanangu?"

"Sitaki kusoma, Bi Lindqvist."

"Kwa nini?"

Msichana aliinamisha kichwa. "Nimekisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea bibi kwa sauti, maana maneno yananirukaruka machoni. Mimi mle niliona mto tu. Sikuona nafsi yoyote." Machozi yakamlengalenga. "Mama akija saa sita nitamwomba nibaki na hesabu. Vitabu si vya kichwa changu."

Mama alijaribu kumbembeleza, haikusaidia. Akaamua wapumzike, akawagawia biskuti za karanga. Ketura aliitupa karatasi kwenye kapu la taka, akavaa koti na kwenda kuketi ngazini nje.

Biskuti ilikuwa kama mchanga mdomoni mwa Ansel. Aliliendea kapu, akaiokota ile karatasi na kuikunjua. Ilikuwa na mistari minne, herufi zimepinda huku na huku: "Dorotea alingoja kwa sababu maji yalikuwa makali. Pia bado alikuwa na hasira. Hakuzima taa usiku kucha, na hakulala. Nadhani alijiogopa yeye mwenyewe kuliko alivyouogopa mto."

Ansel aliisoma tena. Kitabu cha mwalimu hakikuwa na neno lolote juu ya taa. Alikwenda rafuni, akakichukua kile kitabu, akakiweka mbele ya Mama aliyekuwa akimimina chai.

"Mama, yale maneno si yangu. Ni ya humu."

Mama aliliweka birika chini polepole. "Riwaya umeisoma?"

"Kurasa thelathini."

"Nami nilikuuliza umeyatoa wapi, ukasema umefikiri."

"Nilidanganya. Nisamehe, Mama. Lakini isome hii ya Ketura. Nimeiokota kwenye taka."

Mama alisoma, akaiweka karatasi mezani. "Nimekusamehe," alisema. "Ila aliyeumia yuko ngazini. Nenda ukamwambie mwenyewe. Na umwambie umesoma karatasi yake bila ruhusa."

Ansel alitoka hadi ngazini. Alimweleza Ketura yote bila kuzunguka. Ketura alimkodolea macho.

"Yaani nimelia kwa ajili ya kitabu cha majibu?"

"Ndiyo."

"Na wewe hata katikati hujafika?"

"Sijafika."

"Ningekuwa Dorotea ningekutosa!"

"Ungekuwa na haki," alisema Ansel. "Lakini hilo la taa, Ketura, wewe peke yako umeliona. Hata walioandika majibu hawakuliona."

Ketura alifuta pua kwa mkono wa koti, akainuka, akaingia ndani mbele yake.

Alisoma mistari yake minne kwa kusitasita. Boaz alisema Dorotea angemwacha tu yule askari aende zake. Ketura akambishia, akafungua ukurasa kumwonyesha, Boaz naye akamwonyesha mwingine. Mama Reddick alipoingia saa sita, binti yake alimwambia bila kugeuka, "Subiri kidogo, Mama, hatujamaliza." Habari ya kubaki na hesabu hakuitaja.

Jumamosi, kwa agizo la Mama, mashine ya kuvunia iliondoka bila Ansel. Alikaa chumbani na riwaya, kwanza kwa kinyongo, halafu akasahau kinyongo chenyewe. Jioni ilipoanza kuingia, alimletea Mama insha mpya. Sentensi ya kwanza ilisema: "Mara ya kwanza nilidanganya, kwa hiyo sasa naanza upya." Mbele kidogo aliandika kwamba hakuwa na hakika kwa nini Dorotea alingoja, na kwamba pengine Dorotea mwenyewe hakuwa na hakika.

Mama aliimaliza, akamvutia kiti.

"Kosa lingine ni langu," alisema. "Juzi nilifurahia maneno makubwa, nisikuulize hata swali moja juu ya kitabu chenyewe. Lakini sikiliza, mwanangu. Mungu amempa kila mtu macho yake. Ukitumia ya mwingine na kusema ni yako, ya kwako yanabaki usingizini. Na si wewe tu unayepata hasara. Mwenzako aliyeona kweli anadhani yeye ndiye kipofu. Bora useme 'sijui' yako mwenyewe kuliko hekima ya wizi."

"Nimeelewa, Mama."

"Vizuri. Sasa niambie: umeandika Dorotea hakuwa na hakika. Umeliona wapi hilo?"

Ansel alifungua kitabu, na safari hii alijua ukurasa.