Kwa Nini Soksi Alihamia kwa Jirani

Kila asubuhi Kagwe alirudi nyumbani kutoka kiwanda cha kutia mananasi mikebeni, hapa Thika. Mkewe, Njambi, alimpa chai, naye akalala. Usiku Kagwe alipokuwa kazini, Njambi alibaki na paka wao, Soksi. Paka huyo alikuwa mweusi mwenye miguu myeupe. Alifukuza panya kwenye gunia la mahindi, kisha akalala miguuni pa Njambi. Binti yao, Ngendo, alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo Soksi ndiye aliyekuwa mwenzake.

Kisha Soksi akaanza kuhama. Njambi alimwekea chakula, akakinusa tu. Baadaye alipita mlangoni akaingia chumba cha jirani, kwa Ajwang, mke wa Dalmas na mama wa Apiyo. Huko alikaa hadi jioni, na siku nyingine alilala huko huko.

Njambi aliumia sana. Alimwona Ajwang akimkuna Soksi masikio, na moyo ukamchoma. Alimwambia mumewe kwamba jirani amemwiba paka. Kagwe alikuwa na usingizi, akajibu kwamba labda kwa Ajwang chakula ni kitamu zaidi. Njambi hakumsemesha siku nzima.

Jumatano alinunua nyama nzuri. Alimbeba Soksi, akafunga mlango, akamwekea nyama chini. Soksi aliiuma, akalia, akaitema. Alijikuna mdomo kwa mguu, mate yakimtoka. Mlango ulipofunguliwa alikimbilia kwa Ajwang.

Njambi alimfuata kwa hasira. Alimkuta Ajwang mlangoni akipara samaki kwa kisu.

"Mama Apiyo, paka yangu unamlisha nini hata anakataa nyama?"

Ajwang aliweka kisu chini. "Mimi sikumchukua paka yako, Mama Ngendo. Hata samaki yangu hali. Analamba mchuzi tu. Nilifikiri wewe humpi chakula."

Wanawake wale wawili walitazamana. Kila mmoja alikuwa amemfikiria mwenzake vibaya.

Ajwang alisema mdomo wa Soksi unanuka. Alileta leso, wakamfunga paka ndani yake, kichwa tu kikabaki nje. Ajwang alimshika, Njambi akainua mdomo wa juu polepole. Ufizi ulikuwa mwekundu na umevimba. Meno ya nyuma yalikuwa na ukoga mgumu wa rangi ya kahawia. Jino moja lilicheza lilipoguswa.

Njambi alitaka kuchukua chumvi na makaa yaliyosagwa, kama anavyosugua meno yake mwenyewe. Ajwang alimzuia. Alisema hajui dawa, lakini anamjua anayejua. Huko Ruiru, kwenye shamba la kahawa ambako yeye huuza samaki kila Jumamosi, kuna Kaleli, msaidizi wa daktari wa mifugo.

"Basi nitampeleka mimi mwenyewe," Njambi alisema.

Lakini hakuweza. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Mkikuyu kama yeye hakuruhusiwa kusafiri ovyo bila ruhusa ya serikali, na kuipata ruhusa hiyo kulikuwa na taabu. Ajwang alikuwa Mjaluo, naye hakuzuiwa hivyo.

Hadi Jumamosi Njambi alimpa Soksi mchuzi. Siku ilipofika alimtia kwenye kikapu chenye kifuniko, akampa Ajwang, yule yule ambaye Njambi alimwonea wivu. Mikono yake ilikataa kuachia kamba. Mchana kutwa hakufanya kazi ya maana. Aliwaza kwamba Soksi akipona mikononi mwa Ajwang, hatamtaka yeye tena.

Jioni Ajwang alirudi, kikapu mkononi. Soksi alikuwa amelegea, lakini hakuwa akilia. Kaleli alikuwa amemng'oa jino bovu na kumwondolea ukoga.

"Amesema nini?" Njambi aliuliza.

Ajwang aliketi. Alieleza kwamba mabaki ya chakula hukaa kwenye meno, yakawa ukoga, na ukoga huumiza ufizi. Mwishowe jino huoza. Kwa siku chache paka apewe chakula laini. Kidonda kikipona, meno yapanguswe kila siku kwa kitambaa safi kilicholowa maji yaliyochemshwa na kupoa. Chumvi asipakwe, makaa asisuguliwe, wala dawa ya meno ya watu asitiwe mdomoni, kwa sababu paka huimeza na inaweza kumdhuru. Mifupa iliyopikwa asipewe, maana huvunjika na kumchoma. Mdomo ukinuka tena, mate yakitoka au paka akidondosha chakula, arudishwe kwa daktari wa mifugo. Jino lisivutwe nyumbani.

"Basi utakuwa unampangusa wewe," Njambi alisema kwa uchungu. "Wewe ndiye uliyefundishwa."

"Hapana. Kaleli aliniuliza paka ni ya nani, nikamwambia ni ya Njambi. Mimi nitashika tu. Kidole kiwe chako, akuzoee wewe."

Njambi aliona haya. Alimwambia Ajwang asante, akamkaribisha chai.

Kidonda kilipopona, walianza. Siku ya kwanza Njambi aligusa mdomo tu, kisha akampa Soksi kipande kidogo cha nyama laini. Siku nyingine alizungusha kitambaa kidoleni, akapangusa meno upande wa nje, pale jino linapokutana na ufizi. Soksi akikasirika, waliacha mpaka kesho. Taratibu akazoea, hata leso haikuhitajika tena.

Majuma yalipita. Ufizi ukawa wa waridi na harufu ikaisha. Jioni moja Soksi alitafuna nyama mbele yao mpaka akaimaliza. Kisha akapanda mapajani pa Njambi, akalala.

Ajwang alimtazama Soksi. "Sasa amepona," alisema polepole. "Kwangu hatakuja tena."

Njambi aliijua sauti hiyo. Alikuwa ameisikia moyoni mwake siku zile zote. Alimwinua Soksi, akamweka mapajani pa Ajwang, akampa na kitambaa.

"Kesho nina kazi nyingi," alisema. "Utampangusa wewe, kwako."

Kesho yake Njambi hakuwa na kazi yoyote.