Barua ya Saa Nane

"Chai imemwagika. Mtaa wa Tena, nyumba ya posta."

Sauti ya Okoth ilitoka kwenye redio ya Motorola ikiwa kavu kama siku zote. Kageha alitupa gazeti kiti cha nyuma na kuwasha Peugeot 504. Ilikuwa Jumamosi, saa nane na dakika nne mchana, na alikuwa ameegesha Donholm tangu asubuhi akingoja maneno hayo.

"Wangapi?"

"Watatu. Mama ameandika mwenyewe."

"Yuko hai?"

"Alipoandika, alikuwa hai."

Kageha alikanyaga mafuta.

Nyumba ya posta haikuwa ya serikali. Ilikuwa nyumba ya Nthoki, karani aliyestaafishwa mapema mwaka uliotangulia, wa 1995. Badala ya kulia, alinunua kompyuta na modemu, akaziweka sebuleni pamoja na betri ya gari ya kutumia stima ikipotea. Majirani walimletea barua za kwenda kwa watoto wao walio ng'ambo, naye akazipiga chapa. Kila siku saa nane kamili kompyuta iliipigia mashine ya mjini, ikatoa barua za kwenda, kisha ikapokea za kuja. Alichapisha zilizokuja na kuzitia kwenye bahasha bila kuzisoma. Hiyo ndiyo heshima yake, na mtaa mzima ulimwamini.

Mpaka Mbaluka, muuza vinyago wa nyumba ya tatu, alipoanza kupokea barua za vinyago vinavyolipuka sekunde nne baada ya kung'olewa pini. Ukurasa mmoja ulikwama kwenye printa na Nthoki akalazimika kuutazama. Jioni hiyo hiyo alitafuta mtu wa Idara ya usalama, ile ya Okoth na Kageha.

"Okoth, nisomee barua yake."

Okoth akasoma. "Wako ndani. Watatu. Wanangoja ramani ya Njiru. Ikimaliza kuingia wataniua. Mwambieni Mutheu asome kwa bidii."

Mutheu alikuwa bintiye, kidato cha tatu, shule ya bweni Machakos.

"Ramani ni picha," Okoth akaendelea. "Kwa laini ile itachukua dakika ishirini. Kuna maguruneti mia mbili yamefukiwa Njiru, na kesho yatarushwa kwenye mkutano wa hadhara. Usiingie kabla ramani haijaisha."

"Ikiisha, mama amekwisha."

"Ramani kwanza, Kageha."

Kageha alizima redio. Alikuwa amemtii Okoth miaka sita, na siku hiyo alimchukia.

Saa nane na dakika kumi na nne aliacha gari nyuma ya kanisa na kuingia uchochoroni.

Ndani, Mbaluka alikuwa ameketi kando ya simu, bastola pajani. Simu ya Nthoki ilifungwa kufuli dogo kwenye duara la namba, maana majirani wakiachiwa huru wangepiga mpaka bili imfukuze nyumbani. Ufunguo ulining'inia msumarini. Mbaluka mwenyewe alikuwa ameuazima mara nyingi, na leo kitu cha kwanza alichofanya ni kuutia mfukoni. Mtaa mzima wa Tena ulijua kwamba simu yenye kufuli hupokea tu, haipigi. Kwa hiyo aliilinda simu kama mtoto mchanga, na Nthoki aliposema anaiandaa mashine kupokea ramani, akamwacha abofye alivyotaka. Hakujua kwamba modemu ina waya wake ukutani na hupiga namba yenyewe, kufuli au hakuna kufuli.

Barua ya Nthoki ilikuwa imetoka mbele ya macho yake.

"Asilimia ngapi?" Mbaluka aliuliza.

"Sitini na tano."

"Umenisaidia sana, Mama Mutheu. Sitakuumiza." Nthoki alijua anadanganya.

Uani, jamaa wa kwanza alikuwa anavuta sigara chini ya kamba za nguo. Kageha aliruka ukuta akamwangukia mgongoni. Jamaa aligeuka na kisu na kumchana bega. Kageha alimvunja goti kwa teke, akamshika nywele na kumgonga kichwa kwenye karo la kufulia. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu haikuhitajika.

Maji ya karo yakawa mekundu.

Wa pili alitokea mlango wa jikoni na panga mkononi. "We nani? Boss, kuna msee huku nyuma!"

Beretta ya Kageha ilikohoa kupitia kizuia sauti. Risasi ilimpata chini ya jicho, naye akaanguka juu ya jiko na kumwaga sufuria ya githeri. Kageha alimruka.

Sebuleni, Mbaluka alikuwa amemkaba Nthoki shingo, mdomo wa bastola ukiwa sikioni pake. Kwenye skrini asilimia ilikuwa themanini na moja.

"Weka chini," Mbaluka alisema.

Kageha hakuweka.

"Nitavuruga hii mashine, na ramani mnayoitaka iende nayo. Aliyeituma atawatumia wengine, kesho watu watakufa na utajua ni wewe."

"Vuruga," Nthoki akasema. Alisema polepole, kama anayemwambia jirani afunge mlango.

Mbaluka alishangaa, akachelewa nusu sekunde, kisha hasira ikampanda. Aliigeuzia kompyuta bastola na kupiga risasi mbili. Skrini ilipasuka na moshi ukatoka. Hapo Nthoki alinyakua simu, kufuli na yote, akamtwanga nayo usoni. Pua ilivunjika. Mkono uliomkaba ukalegea, Nthoki akajitupa sakafuni, na Kageha akafyatua mara tatu kifuani.

Mbaluka aliketi chini ukutani na hakuinuka tena.

Kageha aliwasha redio.

"Ramani iko wapi?" Okoth hakuuliza kitu kingine.

Kageha alimtazama Nthoki. Nthoki alijifuta damu isiyo yake na kueleza, kwa ukarani wake wote: barua ambayo haijafika yote haifutwi mjini. Inakaa kwenye foleni mpaka mwenye sanduku aichukue. Kompyuta yoyote ingetosha, bora mtu awe na neno la siri.

"Iko mjini, nzima," Kageha alisema redioni. "Neno la siri liko mahali pamoja tu, kichwani mwa mama uliyetaka nimwache afe. Leteni gari. Na mkifika, mwamkieni kwa heshima."

"Gari linakuja," Okoth akasema.

Kabla ya saa kumi na mbili, masanduku manne ya vinyago yalifukuliwa kwenye machimbo ya mawe Njiru, na hakuna aliyekufa mkutanoni siku ya pili.

Lakini kabla ya gari kufika, Kageha aliinama, akatoa ufunguo mfukoni mwa Mbaluka na kuufuta kwa tai ya marehemu. Alifungua kufuli, akainua mkono wa simu, akasikiliza. Laini ilikuwa inalia vizuri.

"Mpigie Mutheu," alisema.

Nthoki alizungusha namba ya shule, kidole kikiteleza kwa damu. Alipomsikia bintiye akaanza kulia, akalia bila kuona haya. Kageha alifunga bega kwa kitambaa cha meza, akatoka kwa mlango wa mbele na kulifuata gari lake bila kugeuka.